Bodi kuukuu za amplifaya za valvu: kipi kisafishwe, kipi kiachwe

Ukifungua amplifaya ya miaka ya 1950 au 1960 inayotumia valvu (mirija ya kioo inayokuza mawimbi ya sauti), kitu cha kwanza kukupokea ni uchafu. Vumbi limegandamana na mafuta, rosini ya kiwandani, utomvu unaosaidia lehemu kushika, imekauka na kuwa ya kahawia kuzunguka kila kiungo cha lehemu, na pengine bodi imebabuka karibu na valvu kubwa. Mtu anashawishika kuchukua mswaki na chupa ya spiriti papo hapo. Mashine nyingi nzuri zimeharibiwa kwa haraka hiyo, kwa sababu macho hayana uwezo wa kutambua uchafu unaodhuru. Rosini ya kahawia inayochukiza kutazama mara nyingi haina neno kabisa, ilhali bodi nyeusi iliyo safi hata unaweza kulia chakula juu yake huenda imenyonya unyevu kiasi cha kupitisha umeme mahali ambapo haustahili kupita.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza tutumie dawa gani ya kusafishia, tuulize bodi ina kazi gani. Inashika vipuri, ndiyo. Lakini kazi yake kubwa ni kuwa kihami: kutenganisha nukta moja na nyingine ili umeme upite kwenye waya, njia za shaba na vipuri tu. Kusafisha na kukarabati bodi ya aina hii ni kuirudishia uhami wake. Ikirudi na kung'aa pia, hiyo ni ziada.

Volti 300 na gridi jirani

Katika saketi za transista za kawaida, volteji ni ndogo na rezista nyingi zina ukinzani mdogo, hivyo uvujaji kidogo kwenye bodi hauonekani. Kwenye valvu mambo ni kinyume. Volteji ni kubwa, na gridi ya valvu, yaani mlango wake wa kupokelea mawimbi ya sauti, ni nukta yenye ukinzani mkubwa mno, inayoyumbishwa na mkondo mdogo kabisa.

Tuchukue hesabu moja. Nukta yenye volti 300 iko milimita chache kutoka kwenye gridi ya 12AX7, valvu ndogo inayopatikana karibu katika kila amplifaya ya valvu ya gitaa. Gridi hiyo imeunganishwa na chasisi, yaani fremu ya chuma ya kifaa, kwa rezista ya megaomu 1. Tuseme bodi baina ya nukta hizo mbili imechoka, na ukinzani wake umeshuka hadi megaomu 100. Mkondo utakaovuja ni maikroampea 3 tu. Lakini maikroampea 3 zikipita kwenye megaomu 1 zinazalisha volti 3, na gridi inapanda kwa kiasi hichohicho. Valvu hiyo kwa kawaida hufanya kazi gridi ikiwa volti 1 hadi 2 chini ya kathodi, sehemu ya valvu inayotoa elektroni. Volti 3 zinatosha kuivuruga hatua nzima ya ukuzaji sauti: sauti inakwaruza, inakauka, au inaanza kunguruma kifaa kikishapata moto.

Sasa chukua multimita ya kawaida upime ukinzani wa bodi hiyo. Nyingi huishia makumi ya megaomu, na hupima kwa volti chache tu. Mita itasema hakuna uvujaji. Fundi atabadilisha kapasita, atabadilisha valvu, atabadilisha rezista, na mkwaruzo utabaki palepale. Ndiyo maana bodi huwa ya mwisho kushukiwa.

Bodi hazifanani

Kuna familia kadhaa, na kila moja ina udhaifu wake. Amplifaya za Fender za miaka ya 1950 na 1960 zilitumia ubao wa faiba nyeusi uliotiwa nta, wenye vijitundu vya shaba ambamo miguu ya vipuri huingizwa na kulehemiwa. Chini yake huwa kuna ubao wa pili wa kukinga, na waya kadhaa hupita katikati ya mbao hizo mbili. Faiba hii asili yake ni nyuzi za mimea. Inapenda maji. Nta ilitiwa ili kuyazuia, lakini baada ya miongo ya joto na baridi nta haiko tena sawasawa kila mahali.

Familia ya pili ni bodi za kuchapwa, ambazo njia zake ni shaba iliyogandishwa juu ya karatasi iliyoshindiliwa kwa fenoli. Hizi ni zile za rangi ya kahawia. Mfano unaojulikana sana ni Dynaco ST-70, iliyoanza kuuzwa mwaka 1959: bodi yake ndogo inayobeba valvu mbili za 7199 imewekwa katikati ya valvu nne za EL34, ambazo ni tanuri. Fenoli hustahimili umeme vizuri ikiwa kavu, lakini joto la muda mrefu huichoma polepole, na gundi inayoshika shaba huchoka kabla ya shaba yenyewe.

Kisha kuna mistari ya vishikizo, ambapo vipuri vimening'inia hewani kati ya vibanzi vya chuma. Hii ndiyo rahisi kuliko zote: hewa haichafuki. Na mwisho kuna bodi za fibaglasi, ambazo zilikuja baadaye na zinavumilia kuoshwa kuliko hizo nyingine. Kama bodi yako ni ya fibaglasi, nusu ya tahadhari za makala haya hazikuhusu.

Kwanza uhai wako

Kapasita kubwa za pawasaplai hubaki na volti 400 au 500 hata baada ya waya wa umeme kuchomolewa ukutani. Nyingine hukaa na chaji kwa muda mrefu sana. Usizipige shoti kwa bisibisi: cheche inaharibu kapasita, na inaweza kukurushia chuma kilichoyeyuka usoni.

Tumia rezista ya kilo-omu 22, wati 5, yenye waya uliofunikwa na vibanio viwili. Kibanio kimoja weka kwenye chasisi, kingine kwenye upande chanya wa kapasita. Kwa kapasita ya maikrofaradi 100, sekunde 11 hivi zinatosha kushusha volti 500 hadi chini ya volti 5. Mimi huacha kibanio mahali pake kwa muda wote wa kazi isiyohitaji umeme, kwa kuwa kapasita za elektroliti zina tabia ya kurudisha volteji kidogo zenyewe baada ya kumwagwa. Halafu pima kila kapasita kwa mita. Kila moja, kwa sababu rezista iliyokatika ndani ya saketi inaweza kuitenga moja na zenzake, ukadhani zote zimekwisha.

Tazama pia chasisi. Chuma cha zamani mara nyingi kilipakwa kadmiamu, na ikioza hutoa unga wa manjano au wa kahawia. Unga huo ni sumu. Usiupige msasa, usiupulizie hewa. Vaa glavu, futa kwa kitambaa kilicholowa kidogo, kisha kitupe kitambaa hicho. Kapasita za mafuta nazo ni za kuheshimiwa: nyingi za zamani zilijazwa kemikali za sumu ziitwazo PCB, ambazo utengenezaji wake ulipigwa marufuku Marekani mwaka 1979. Ukiona moja inavuja, usiiguse kwa mkono mtupu.

Pima kabla ya kusafisha

Kuna njia rahisi ya kuikamata bodi inayovuja, nayo haihitaji kifaa cha ghali. Inafanywa umeme ukiwa umewashwa, kwa hiyo ni ya mtu aliyezoea volteji kubwa tu. Weka mita kwenye volti za mkondo mnyoofu (DC). Waya mweusi ubanwe kwenye chasisi, mkono mmoja uwe mfukoni. Kwa mkono mwingine gusisha ncha ya waya mwekundu kwenye ubao wenyewe, si kwenye kijitundu wala kwenye lehemu, bali pale katikati palipo patupu. Ubao mkavu utasoma karibu na sifuri. Ubao uliolowa utakupa namba inayokaa: volti kadhaa, na ukisogeza ncha kuelekea nukta ya volti 300 namba inapanda. Kwa mfano wetu wa megaomu 100, mita yenye ukinzani wa ndani wa megaomu 10 ingesoma karibu volti 27 juu ya ubao ambao macho yanakwambia ni mzima.

Kipimo cha pili ni cha gridi. Katika hatua zisizo na bayasi ya kudumu, yaani volti hasi zinazopelekwa kwenye gridi makusudi, chomoa valvu, washa, upime gridi dhidi ya chasisi. Inatakiwa sifuri. Ukikuta volti chanya, wenye kosa ni wawili: kapasita ya kuunganisha hatua, au bodi pamoja na soketi. Zima, mwaga chaji, inua mguu wa kapasita unaokwenda kwenye gridi, kisha pima tena. Volti zikipotea, kapasita ndiyo iliyokuwa inavuja, na zile za karatasi zenye nta huvuja karibu zote kwa umri huu. Zikibaki, umeipata bodi.

Bila vipimo hivi viwili, kusafisha ni kubahatisha.

Kila uchafu na dawa yake

Vumbi kavu halihitaji maji ya aina yoyote. Brashi laini na mashine ya kunyonya vumbi iliyoshikwa karibu zinatosha. Toa valvu kwanza, andika ilikotoka kila moja, na usiguse maandishi kwenye kioo: wino wa valvu za zamani hutoka kwa kidole tu, na jina likishafutika huwezi kujua tena ulichonacho.

Rosini huyeyuka kwenye alkoholi ya isopropili. Hapa ndipo watu wengi wanapojitengenezea tatizo. Rosini iliyopoa ni kihami kizuri, na imezifungia ndani yake tindikali zake hafifu. Ukiisugua kwa alkoholi kidogo, inayeyuka, inatapakaa kama utando mwembamba chini ya vipuri, kisha inakauka ikiwa nyeupe na kunata, ikikusanya vumbi mahali ambapo hapo mwanzo palikuwa safi. Kuosha nusu ni kubaya kuliko kutoosha. Kama rosini ya kiwandani haijachanganyika na uchafu mwingine na vipimo vyako ni vizuri, iache. Nasema hivyo nikijua wengi hawatanisikia.

Ikibidi uitoe, kwa mfano baada ya kulehemu upya, fanya hivi. Tandika kipande cha kitambaa kisichotoa nyuzi juu ya sehemu hiyo, loweka kwa alkoholi ya asilimia 99, kisha gongagonga na kusugua juu ya kitambaa kwa mswaki mgumu kidogo. Miguu ya vipuri itatoboa kitambaa, alkoholi itashuka, rosini itayeyuka na kupanda kwenye kitambaa badala ya kutawanyika. Kitambaa kinageuka manjano. Kinyanyue kabla hakijakauka, weka kingine, rudia hadi kitoke cheupe. Alkoholi ya dukani ya asilimia 70 haifai kwa kazi hii, kwa sababu sehemu iliyobaki ni maji, nayo utakuwa unayapeleka ndani ya fenoli kwa mkono wako mwenyewe. Kumbuka pia kwamba alkoholi huwaka moto na huyeyusha vanishi ya lakiri pamoja na baadhi ya maandishi ya vipuri. Jaribu kwanza mahali pasipoonekana.

Chumvi ni habari nyingine. Kapasita ya elektroliti iliyovuja huacha mabaki ambayo alkoholi tupu haiyaondoi vizuri, hata usugue vipi. Yanataka maji yaliyotoneshwa, yale yasiyo na madini. Kwenye bodi ya fenoli tumia kijiti cha pamba kilicholowa kidogo, futa, badilisha pamba, na mara baada ya hapo fuatisha alkoholi ili ibebe maji yaliyobaki. Siki siipendekezi: ni tindikali, inashambulia shaba na kuacha chumvi zake yenyewe. Shaba iliyoota ukungu wa kijani ikwanguliwe taratibu kwa kalamu ya nyuzi za fibaglasi hadi ing'ae, kisha ipakwe lehemu ili isioze tena.

Lami ya sigara, ambayo hujaa kwenye vifaa vilivyotoka kwenye kumbi na nyumba za wavutaji, hutoka kwa maji yenye sabuni laini kidogo sana. Ifanye kwenye chasisi na sehemu za chuma. Kwenye bodi, kijiti cha pamba na subira.

Na dawa za kupuliza za kusafishia swichi? Zina nafasi yake: ndani ya potenshomita ya volyumu, kwenye pini za soketi. Hazina nafasi juu ya bodi. Nyingi zina mafuta, mafuta yanaingia kwenye faiba na fenoli, na hayatoki tena. Usipulize ndani ya chasisi yote ukitumaini dawa itajitafutia penye ubovu. Asetoni nayo ikae mbali kabisa: inayeyusha kapasita za polistairini na plastiki nyingi za zamani kwa sekunde chache. Transfoma zisiguswe na kimiminika chochote, kwani ndani mwake mna karatasi. Vivyo hivyo waya zilizovikwa kitambaa cha pamba, ambazo hunyonya kila kitu.

Faiba iliyolowa haioshwi

Kama vipimo vimeonyesha kwamba ubao wa faiba unavuja, hakuna kimiminika kitakachouponya, kwa sababu tatizo liko ndani ya ubao. Kinachosaidia ni joto dogo: kikausha nywele kwa umbali, taratibu, ukiangalia nta isianze kuchuruzika. Volti juu ya ubao zitashuka. Lakini pima tena baada ya siku kadhaa, maana unyevu wa hewa hurudi. Kupaka nta mpya juu ya ubao ambao haujakauka ni kuyafungia maji ndani, na vanishi hufanya vilevile.

Dawa ya kudumu ni kuiondoa gridi kwenye ubao. Miguu ya rezista na waya zinazokwenda gridi zinainuliwa kutoka kwenye kijitundu na kulehemiwa pamoja hewani, au kwenye kishikizo kidogo kilicho mbali na volteji kubwa. Ni badiliko dogo, linaweza kurudishwa, na ubao wa asili unabaki. Nalipendelea kuliko kutoa ubao wote na kuweka mpya, isipokuwa pale uvujaji umeenea hadi huna pa kukimbilia.

Palipoungua

Bodi ya fenoli iliyogeuka kahawia iliyokolea lakini bado ni ngumu inaweza kuendelea na kazi. Iliyokuwa nyeusi, ikiacha masizi kidoleni, imeshageuka kaboni, na kaboni ni kipitishi. Hapo usafi haupo tena, iko kazi ya kisu. Kwangua hadi ufikie kitu kizima chenye rangi ya asili, hata kama utatoboa upande wa pili. Ufa mtupu ni kihami bora kuliko fenoli iliyoungua. Nafasi iliyobaki inaweza kujazwa gundi ya epoksi inayostahimili joto, na njia ya shaba iliyokatika irukwe kwa kipande cha waya. Rezista iliyosababisha moto irudishwe ikiwa imeinuliwa milimita kadhaa juu ya bodi ili hewa ipite chini yake.

Soketi nazo zikaguliwe hivyohivyo. Kwenye valvu za EL34, 6L6 na 6V6, pini ya 3 ni anodi, yenye volteji kubwa, na jirani yake, pini ya 2, ni ya hita, waya unaoipasha valvu moto. Cheche ikiruka kati yao huchora mstari mweusi kwenye plastiki ya soketi. Mstari huo hausafishiki, soketi ibadilishwe. Kama ni pini zilizolegea au zilizofifia tu, safisha kwa brashi nyembamba ya meno yenye tone la dawa ya swichi, kisha zibane kidogo kwa sindano ngumu.

Viungo vya lehemu kuzunguka soketi za bodi za kuchapwa ndivyo vya kwanza kupasuka, kwa joto na kwa kusukumwa kila valvu inapochomekwa. Tazama kwa kioo cha kukuza: ufa ni duara jembamba, la kijivu, linalozunguka pini. Kuyeyusha lehemu ya zamani peke yake hakutoshi. Inyonye kwa utepe wa shaba, weka mpya yenye bati na risasi, ile ya 60/40, ambayo huanza kuyeyuka kwenye nyuzijoto 183. Zisizo na risasi zinazotumika sana leo zinataka zaidi ya 217, joto ambalo gundi ya shaba ya miaka 60 haihitaji kuonjeshwa. Shika chuma cha kulehemu kwa sekunde mbili au tatu, kisha ondoa, hata kama hujamaliza. Ukitoa kipuri, kata miguu yake kwanza, halafu utoe mguu mmoja mmoja. Kumbuka kunawa mikono ukimaliza, kwa ajili ya risasi.

Kurudisha umeme

Bodi iliyoguswa na kimiminika ikaushwe kwa saa nyingi kwenye feni, au kwenye joto la nyuzijoto 40 hivi. Usizidishe kama kuna kapasita za nta. Alkoholi lazima iwe imekwisha kabisa kabla cheche yoyote haijapata nafasi.

Washa kupitia balbu ya uzi ya wati 60 iliyounganishwa mfululizo na waya wa umeme, valvu zikiwa nje. Balbu inamulika mara moja kapasita zinapojaa, kisha inafifia. Ikibaki inawaka kwa nguvu, zima: kuna shoti, na balbu imekuokolea transfoma. Ikififia, rudia ukiwa na valvu ndani. Hapo itabaki na mwanga kiasi kwa sababu ya hita. Baada ya hapo toa balbu, acha mashine ipate moto kwa nusu saa, na urudie vile vipimo viwili vya mwanzo, kwenye nukta zilezile. Ziandike namba za kabla na za baada kwenye kikaratasi na ukibandike ndani ya kifuniko, kwa ajili ya fundi atakayeifungua miaka mingi ijayo.